Shule ya Kikatoliki katikati ya mji wa zamani: maoni ya mzazi asiye Mkatoliki

Nianze na alama kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo: naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya ngazi, ntaeleza. Mimi ni mama mwenye watoto wawili pale, mmoja yuko madarasa ya chini na mwingine anakaribia kumaliza msingi, na sisi kwetu sio Wakatoliki, kwa hiyo haya ninayoandika hayatoki kwa mtu wa parokia anayetetea cha kwao. Jina la shule nimeliacha makusudi, maana humu kuna sifa na kuna malalamiko na watoto bado wanasoma. Ila ukishajua aina yake utaona mengi yanafanana na wenzake: shule ya binafsi, ya Kikatoliki, imeshikana ukuta kwa ukuta na kanisa kuu, katikati kabisa ya mji wa kale, mitaa myembamba, majengo ya mawe, watalii kila kona na kamera zao.

Wengi wanaoniuliza huanza na matokeo. Matokeo ni mazuri, sawa, lakini kiukweli sio hicho ninacholipia pale. Ninacholipia ni kwamba mtoto wangu anajulikana. Yaani kuna watu wazima kadhaa ndani ya lile jengo ambao wakimwona amenyamaza kuliko kawaida yake wanajua kuna kitu, na watauliza, na wakiuliza hawaishii hapo.

Nitoe mfano mmoja muuelewe. Kuna muhula alama za mkubwa zilianza kuteremka, hasa hesabu, na mwalimu wake wa darasa akanipigia simu, akasema njoo tuongee mama, sio kesi. Nilipofika hakunionyesha karatasi ya mtihani, alinifungulia daftari. Akaniwekea kurasa mbili pamoja. Upande mmoja maswali yaliyonakiliwa kutoka ubaoni, upande wa pili maswali ya kutoka kwenye kitabu. Yale ya kitabu karibu yote yana vema. Yale ya ubaoni hesabu yenyewe imefanywa sawasawa ila namba alizonakili sio zilizoandikwa, 3 imekuwa 8, 6 imekuwa 0, alama ya kujumlisha imekuwa ya kuzidisha. Mwalimu akasema, "Mama, kichwa anacho. Tuyaangalie macho." Tukaenda kupima, na kweli mtoto alikuwa haoni mbali, akapewa miwani. Sasa fikiria mwalimu mwenye darasa zima la kusahihisha, anakaa na daftari la mtoto mmoja mpaka anagundua kwamba makosa yana mpangilio wake. Hicho ndicho ninachokilipia.

Haya, turudi kwenye jengo, maana jengo lenyewe ni nusu ya habari ya hii shule. Kwanza mjue kwa nini shule za namna hii mnazikuta mjini kati na sio pembezoni kwenye viwanja vikubwa. Kanisa kuu na shule ni majirani wa siku nyingi sana: Mtaguso wa Tatu wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1179, uliagiza kila kanisa kuu litengewe mwalimu, atunzwe kwa mapato ya kanisa, afundishe makleri, yaani watumishi wa Kanisa, na wanafunzi maskini bila kuwatoza chochote. Kwa hiyo penye askofu pakawa na mwalimu, na askofu anakaa mjini. Baadaye miji ikapanuka, biashara zikahama, watu wakahamia nje, shule ikabaki palepale ilipozaliwa. Hiyo ya kutotoza chochote imepotea njiani kwenye shule nyingi, nayo ntaigusa huko mbele.

Faida za jengo la zamani ni za kweli. Kuta ni nene, mawe yanachelewa kushika joto, kwa hiyo hata mchana jua likiwa kali darasani kunakalika bila mashine kuunguruma kutwa nzima. Madirisha ni marefu, mwanga unaingia mpaka nyuma ya darasa. Kuna ua wa ndani wenye nguzo kuzunguka pande zote, na watoto wakiwa pale uani huwezi kuamini kwamba nyuma ya ukuta kuna barabara yenye magari na honi. Mwanangu mdogo anapenda mlango mmoja mzito wa mbao ambao lazima watoto wawili wausukume ndio ufunguke, kila siku ananihadithia leo kasukuma na nani. Watoto wanakua wanajua kwamba kuna watu waliokuwepo kabla yao, na hilo hawalijui kwa somo la historia, wanalikanyaga kila siku, maana vidato vya ngazi vimelika katikati kwa miguu ya watoto wa miaka na miaka.

Sasa hizo ngazi. Madarasa ya chini yako chini, ya juu yako juu, maktaba iko juu, maabara iko juu, na lifti hakuna. Kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, na niseme shule ilifanya jambo la maana, darasa lake zima lilihamishiwa chini, sio yeye kubebwa na walinzi kupandishwa kama walivyokuwa wanafanya mwanzoni. Hiyo nawapa hongera kwa moyo wote. Lakini maktaba bado iko juu! Vitabu analetewa kwenye kikapu, wenzake wanaenda kuchagua, wanakaa sakafuni wanapekua, wanagombania, yeye anapokea alichochaguliwa. Inaniuma kila nikipita pale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, kifungu cha 24, unaongelea elimu jumuishi, na mtoto kuletewa vitabu kwenye kikapu sio hiyo.

Shule inajitetea kwamba jengo liko kwenye orodha ya majengo ya urithi, huwezi kutoboa ukuta wala kugusa ngazi bila kibali, na kibali kinachukua muda. Hilo ni kweli, na msingi wake naujua: Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio wahifadhi wengi wanaufuata, kifungu chake cha 5 kinasema ni vizuri jengo la kale litumike kwa kazi yenye faida kwa jamii, ila matumizi hayo yasibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Sawa kabisa, mimi mwenyewe sitaki mtu aje aweke aluminiamu kwenye yale madirisha. Lakini kuhamishia maktaba chini hakuhitaji kibali cha mtu yeyote, kunahitaji uamuzi na watu wa kubeba mashelfu. Kwenye mkutano wa wazazi tumelisema, limeandikwa, tunasubiri. Nyota yangu iko hapo.

Kitu kingine cha majengo haya ambacho watu hawakifikirii ni mwangwi. Dari ziko juu sana, kuta ngumu, sakafu ngumu, sauti inazunguka. Mtoto anayekaa nyuma anasikia mwalimu na mwangwi wa mwalimu kwa pamoja, na mdogo anayejifunza kusoma anatakiwa asikie tofauti ya herufi na herufi, sasa hapo utaona shida. Madarasa mawili yamewekewa mapazia mazito na mbao za kubandikia kazi za watoto karibu ukuta mzima wa nyuma na tofauti unaisikia ukiingia tu, ila mengine bado. Ukienda kutembelea shule ya aina hii usisimame mlangoni na mwalimu mkuu, nenda kakae dawati la mwisho huku somo linaendelea, usikilize.

Kiwanja cha mpira hamna. Kuna ule ua, basi, na wanautumia kwa zamu. Michezo ya kweli wanapakiwa kwenye basi kwenda uwanja wa kukodi nje ya mji wa kale, na siku barabara zikifungwa kwa sababu ya shughuli mjini, michezo imekufa siku hiyo. Kama mtoto wako ni wa kukimbia tangu asubuhi hadi jioni, hili ulipime vizuri kabla hujalipa kitu.

Asubuhi foleni ni tabu. Mtaa ni wa gari moja, wazazi wote wanataka kumshusha mtoto mlangoni, na teksi zinazobeba watalii nazo zinataka kupita. Shule imeweka utaratibu kwamba unashusha kona ya juu, walimu wawili wanawasindikiza watoto kwa miguu mpaka getini, na kwa kweli umesaidia, isipokuwa kuna wazazi hawasikii, anapaki katikati ya njia anashuka kabisa aende kuongea na mwalimu mambo ambayo yangeweza kusubiri. Jamani tuhurumiane. Suala la watalii kupiga picha watoto wameshalishughulikia vizuri, saa za kuingia na kutoka mlinzi anasimama nje, geti la upande wa kanisa linafungwa, na kuna bango kubwa lenye mchoro wa kamera iliyokatwa. Mwanzoni haikuwa hivyo, wazazi ndio tulipiga kelele.

Pale getini ndipo utamkuta sista mkuu, kila asubuhi. Anamsalimia mtoto kwa jina lake, mmoja mmoja, na anawaangalia machoni. Nilidhani ni heshima tu za asubuhi, mpaka nilipoelewa kwamba ile ni kazi, anakagua. Nani kaja analia, nani kaja na sweta la jana lenye tope, nani kashushwa na mtu ambaye hajawahi kumleta. Mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya wanaomchukua mtoto haondoki naye, hata aseme yeye ni mjomba, hata akasirike. Kuna baba mmoja alifoka sana siku moja, sista akamwambia kwa upole kabisa baba yangu, nikikuruhusu wewe leo, kesho ntamruhusu na mwingine. Yule baba akapiga simu kwa mama mtoto, jina likaongezwa, yakaisha.

Haya, dini. Hapa ndipo wengi mnaponiuliza inbox, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Ndiyo, ni shule ya Kikatoliki na haijifichi. Siku inaanza kwa sala. Saa sita mchana kengele ya kanisa ikipiga ya Malaika wa Bwana, darasa linasimama, wanasali, wanaendelea na somo. Kuna misa za shule kwa vipindi vyake na kwenye sikukuu ya mtakatifu msimamizi. Dini ni somo, lina mtihani, lina alama kwenye ripoti, na watoto wote wanalisoma. Kama hilo hulitaki kabisa, tafuta shule nyingine mapema, usije ukampeleka mtoto halafu ukaanza kugombana na ratiba.

Ila kufundishwa dini ni jambo moja, kuingizwa kwenye dini ni jambo lingine, na hapo nilikuwa mkali tangu siku ya intavyuu. Niliuliza moja kwa moja, mwanangu atabatizwa? Sista akanijibu hapana, hatumgusi mtoto wa mtu bila wazazi, na akaniambia hata sheria ya Kanisa lenyewe inakataza kumlazimisha mtu kuingia imani. Nikaenda kutafuta, kweli ipo, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 748. Na tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani juu ya elimu, la tarehe 28 Oktoba 1965, linasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, shule inakuja kusaidia. Basi watoto wa kujiandaa na komunyo ya kwanza na kipaimara wana vipindi vyao na katekista, yule mwalimu wa dini wa Kanisa, wangu muda huo wanakwenda maktaba. Kwenye misa wanakaa na darasa lao, wakati wa komunyo wanabaki kwenye benchi, au wakipenda wanapita na mikono kifuani wanapewa baraka. Mkubwa anabaki, mdogo anapita. Sijawaambia chochote, wamejiamulia wenyewe.

Tatizo lilitokea mara moja na lilinikera kwelikweli. Kuna mtu wa kujitolea aliyekuja kusaidia maandalizi ya sikukuu akawaambia watoto wasio Wakatoliki wakae benchi za nyuma kabisa, wasichanganyike na wanaoimba. Mdogo alirudi nyumbani ananiuliza, mama, sisi ni wachafu? Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikawa ofisini kabla hata kengele haijagonga. Sista hakubishana, hakuniambia labda mtoto hakuelewa, alimwita mwalimu wa darasa hapohapo akamuuliza, akathibitisha, na siku hiyohiyo aliingia darasani yeye mwenyewe akazungumza na watoto, na yule mtu hakurudi tena kwenye kazi ya watoto. Siku ya sikukuu wangu walikaa na darasa lao na waliimba. Shule isiyokosea kitu hakuna, mimi naangalia wanafanya nini kikishaharibika, na hapa waliniridhisha.

Mwalimu wa dini mwenyewe ni kijana tu, sio padri wala bruda, na ni mmoja wa walimu bora pale. Mkubwa alimuuliza darasani kwa nini Mungu aliacha babu yake augue muda mrefu vile, na mwalimu badala ya kumpa jibu la haraka akasema hilo swali Ayubu naye aliliuliza, tukasome pamoja alisema nini. Wakakisoma kile kitabu vipindi kadhaa. Mtoto alirudi nyumbani anajadiliana na baba yake mezani. Sasa hata ungekuwa wa dini gani, mtoto kufundishwa kwamba swali gumu linaruhusiwa kuulizwa, mimi nalipokea kwa mikono miwili.

Kuhusu walimu kwa ujumla: mjue masista mnaowafikiria hawapo wengi tena. Wapo wachache, walimu karibu wote ni walei, yaani waumini wa kawaida wasio masista wala mapadri, wenye familia zao. Na sio shule hii peke yake, nchi nyingi ndivyo ilivyokwenda. Marekani kwa mfano miaka ya 1960 shule za Kikatoliki zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5 na zilijaa masista darasani, leo wanafunzi wako chini ya milioni 2 na masista wanaofundisha ni wachache mno. Hii inaeleza jambo ambalo wazazi wengi hulalamikia bila kulijua chanzo chake, nalo ni ada. Sista anaishi kwenye jumuiya, ana nadhiri ya ufukara, alikuwa anafundisha kwa posho ndogo sana. Mwalimu mlei ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha, lazima alipwe mshahara kamili, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema shule ya kanisa mbona ghali, kanisa si linalipa, mwambie mara nyingi halilipi, au linalipa kidogo, wanaolipa ni sisi.

Ada yenyewe iko wazi, imeandikwa, inalipwa kwa awamu, risiti unapata. Malalamiko yangu ni michango. Basi la michezo limo kando, yunifomu ya misa iko kando na ya kila siku, na paa lilipoanza kuvuja tukaletewa barua ya mchango wa ukarabati muhula umeshaanza, watu wameshapanga bajeti zao. Paa la jengo la kale halirekebishwi kwa bati la dukani, mafundi wake ni wachache na vifaa vyake lazima vifanane na vya zamani, gharama naielewa, ila barua ya namna ile inakuja mapema na makadirio yake yameambatanishwa. Tulipodai makadirio tukapewa, na yalikuwa ya kueleweka, sasa kwa nini hayakuja na barua tangu mwanzo? Hapa wajirekebishe.

Na kitu muhimu mno ambacho hawakitangazi: kuna mfuko wa kusaidia wasioweza ada. Haupo kwenye bango wala kwenye fomu. Unaandika barua, unaeleza hali, unaambatanisha uthibitisho wa kipato, inaingia kwenye kamati ndogo. Ninamfahamu mama mmoja aliyefiwa na mume katikati ya mwaka, alishaanza kutafuta uhamisho wa watoto, mwalimu wa darasa akamwambia usihame, andika barua. Watoto wako pale hadi leo na hakuna mwanafunzi anayejua nani analipa nini. Nawapenda kwa hilo, ila nawalaumu pia, maana mtu asiyejuana na mwalimu atajuaje? Kiandikwe kwenye fomu, basi.

Ufundishaji. Hapa uliza shule ni ya nani, maana "ya Kikatoliki" peke yake haikuambii kitu kuhusu darasani. Kuna za parokia, kuna za jimbo la askofu, kuna za mashirika ya kitawa ya masista, mabruda au mapadri, na kila shirika lina mkono wake. Wajesuiti walikuwa na mpango wa masomo ulioandikwa tangu 1599, na hadi leo wanasifika kwa kumfanya mtoto ajieleze. Masista wa Ursula walitokana na Angela Merici, Brescia, 1535, na jina lao limeshikana na elimu ya wasichana. Wasalesiani wa Don Bosco wanashikilia mambo matatu, akili, dini na upendo, kwamba mlezi awe karibu na kijana kabla hajakosea, sio kumvizia akikosea. Mabruda wa La Salle, walioanzia Reims, Ufaransa, mwaka 1680, walifundisha watoto maskini kusoma kwa Kifaransa chao badala ya kuanza na Kilatini, na wakawapanga kwenye madarasa wafundishwe kwa pamoja, kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida kabisa. Hii ya kwetu ilianzishwa na masista na bado unauona mkono wao: usomaji unapewa uzito kuliko kitu chochote. Madarasa ya chini kila siku mtoto anasoma kwa sauti mbele ya mtu mzima, akikwama anasubiriwa, haumbuliwi. Mdogo alikuwa anachanganya herufi, walimkalisha na mwalimu wa pembeni kabla ya masomo kuanza, bila bili ya tuisheni, mpaka akashika.

Madarasa ya juu napo nina neno. Mitihani ikikaribia shule inabadilika, kila kitu kinakuwa majaribio, jaribio juu ya jaribio, michezo inapunguzwa, sanaa ndiyo kabisa hamna, na kazi za nyumbani zinarudi nyingi kiasi kwamba mtoto analala juu ya daftari. Sikubaliani nayo. Sheria yao wenyewe, kanuni ya 806, inataka elimu ya shule ya Kikatoliki angalau isipungue ubora wa shule nyingine za eneo hilo, lakini ubora sio wingi wa karatasi za majaribio. Nimemwambia mwalimu mkuu wa taaluma ana kwa ana, amenisikiliza vizuri, hajabadilisha kitu.

Nidhamu ni kali ila sio ya ukatili. Fimbo hamna. Simu zinawekwa ofisini asubuhi. Uonevu wanaufuatilia, wanaita pande zote mbili na wazazi, na mkosaji anapewa kazi ya kurekebisha alichoharibu, kwa mfano aliyemchania mwenzake kitabu alikaa kipindi cha mapumziko anakibandika ukurasa kwa ukurasa na aliyechaniwa amekaa naye. Waliondoka wanaongea.

Wazazi wenyewe ni sehemu ya huduma, nisisahau. Tunajuana. Mwanasosholojia wa Marekani James Coleman na wenzake walitoa utafiti mwaka 1982 ulioonyesha wanafunzi wa sekondari za Kikatoliki walifanya vizuri kuliko wa shule za umma, na baadaye akaeleza kwamba sababu mojawapo ni hiyo, wazazi wanajuana na wanawajua marafiki wa watoto wao. Wengine walimpinga, wakasema mzazi anayechagua shule ya kulipia tayari ana tofauti yake, na hoja hiyo ina uzito. Mimi ninachojua ni kwamba mwanangu akichelewa kutoka, kuna wazazi wasiopungua watatu watakaonipigia kabla sijaanza kuhangaika.

Kwa anayetaka kujaribu shule ya namna hii, tahadhari moja kwanza: jina la mtakatifu kwenye bango halitoshi. Kwa mujibu wa kanuni ya 803 hakuna shule inayoruhusiwa kujiita ya Kikatoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa, kwa hiyo kama una shaka nenda ofisi ya jimbo uulize, watakuambia kama ni yao au ni mtu binafsi kaazima jina. Halafu omba kutembelea siku ya kawaida ya masomo, sio siku ya maonyesho, na fika kabla ya mapumziko ili uwaone watoto wakiteremka zile ngazi, uone walimu wanasimama wapi. Uliza mfuko wa msaada wa ada hata kama huuhitaji. Uliza michango yote ya mwaka uliopita, kwa maandishi. Nafasi huwa zinaanza na ndugu wa waliopo, kisha waumini wa parokia, kisha sisi wengine, kwa hiyo peleka fomu mapema na upige simu kufuatilia, usikae kusubiri barua, maana ofisi yao ya uandikishaji ina mtu mmoja tu na simu asubuhi inakuwa bize muda wote, jaribu mchana baada ya kengele.